Ulipotokea Dukani kwa Mzee Salumu

Deusi, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Sikuulizi hali. Hali ya huko nitaijua mwenyewe nikifika, na sina haraka. Mimi ni bibi yako yule yule, mguu wa kushoto bado unauma, mdomo bado unafanya kazi. Mimi nasema, Adela mkeo anaandika, maana kalamu na mimi hatujawahi kujuana. Nimemwambia aandike kila neno bila kunipamba. Nikisema jambo linalomhusu yeye akaona haya, ataandika hivyo hivyo. Ndiyo, Adela, na hilo andika.

Tangu tukuzike mvua imekuja na imeondoka. Kahawa tumechuma. Migomba ya upande wa kaburi lako imebeba mikungu mizito kuliko yote ya kibanja chako, shamba zima, mpaka watu wanaogopa kula ndizi zake. Mimi nakula. Ulipokuwa hai ulikuwa unanilisha, sasa uache kwa nini? Koku mwanao anasema maneno yote, pamoja na machache mabaya ambayo nadhani ameyatoa kwangu.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya ndizi. Nakuandikia kwa ajili ya jambo la televisheni. Kila mtu hapa analisimulia kwa mdomo wake, na mimi nataka ulisikie kutoka kwangu, kwa sababu nusura limtoe Adela katika nyumba yako na kumwachanisha na mtoto. Na kuna sehemu moja mpaka leo siielewi, na wa kunieleza ni wewe tu.

Nianzie Jumamosi ile, ya mwisho ukiwa mzima.

Ulikuja kwangu asubuhi na ile televisheni ndogo isiyo na rangi, umeibeba kifuani kama mtoto aliyelala, na nyuma yako toroli lenye betri ya gari. Ukaiweka juu ya meza yangu ya chakula bila kuniuliza. Ukachomeka kipande cha waya kikasimama juu kama mguu wa senene. Ukasema: "Bibi, leo sitaki upande mpaka kwangu na mguu huo. Leo picha itakufuata yenyewe." Nikakwambia picha haina miguu. Ukacheka ule mcheko wako wa kupitia puani.

Nilikuwa nimeshazoea mambo yako. Watu walitoka Nkwenda, wengine Kayanga, na madeki yao ya video waliyonunua Uganda, yanayoonyesha watu wa rangi ya majivu, au watu wanaopanda juu ya kioo bila kukoma kama wanaokimbia moto. Unafungua, unakata, unachomelea kwa risasi yako ya kuyeyusha inayonuka, na mwenye deki anaondoka na rangi zake zote. Na mimi, mtu asiyejua herufi moja, ulinikalisha ukanishika vidole ukanionyesha nyuma ya deki kuna matundu matatu. La njano la picha. Jeupe la sauti. Na la tatu, la antena, linalobeba vyote viwili kwa pamoja. "Kama mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mtungi kichwani," ulisema. Wenzako wote walitoa waya kwenye tundu lile la tatu wakaupeleka kwenye televisheni, wakatosheka. Wewe ulitaka kuupeleka juu ya paa, upitie kwanza katika kale kasanduku ulikokatengeneza mwenyewe ka kuongeza nguvu, ili picha iruke hewani ivuke migomba mpaka kwangu. Ulikuwa na kamera ya video ya mtu wa harusi aliyekuletea uitengeneze. Ukajipiga picha kwa kamera hiyo, na kanda hiyo ndiyo uliyotaka nione.

"Ukishakula mchana, kaa hapa, usiguse kitu, niangalie."

Nilikaa. Niliona chenga tupu, kama mchele unaochemka, na kelele ya mvua ya bati. Nikasinzia. Ukaja mbio, jasho linakutoka, umesimama mlangoni unauliza, "Bibi, umeniona?" Na mimi, mdomo wangu huu, nikasema: "Nimeona uji. Mashine yako imekufa, na kuku wameshafukua kahawa yangu yote."

Uso wako ulishuka. Ukasema utageuza antena kesho. Kesho yake ukaamka na homa. Jumatano tulikuwa tunatandika nyasi ndani ya nyumba ili waombolezaji wapate pa kukaa. Malaria imepanda kichwani, walisema. Mtu hamalizi hata wiki.

Haya.

Ilikuwa kama mwezi na nusu baada ya matanga. Mzee Salumu wa dukani akapanda mpaka kwangu kwa miguu, yule mtu ambaye hata kuvuka barabara hutuma mwingine. Akasimama uani, kofia yake imekaa vibaya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umefuata kahawa, au kuna aliyekufa?"

"Aliyekufa ndiye aliyekuja, Bibi."

Nikamwambia akae. Hakukaa. Akasema alikuwa ametoka kuswali adhuhuri, anageuza mlingoti wa antena yake ili anase picha za Uganda, na ndani ya zile chenga akaja mtu. "Nilimjua, wallahi, kabla sijataka kumjua." Ulikuwa umekaa, unatazama mbele, unazungumza. Mdomo unakwenda, sauti hakuna. Kando yako alikuwepo mwingine aliyefifia, wewe yule yule, amekaa kidogo pembeni, anafanya unachofanya, amechelewa kidogo. Na ulivaa lile shati la mistari, lenye mfuko ulioshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Mfuko ule niliushona mimi. Shati lile tulikuzika nalo.

Salumu alizima, akasoma dua, akafunga duka mchana kweupe. Siku ya tatu akawasha tena, saa ile ile, ukawepo. Safari hiyo dukani alikuwa na wateja wanne. Mmoja alikuwa mwanangu Feliciani, baba yako mdogo.

Unamjua Feliciani. Tangu baba yako asirudi kutoka vita vya Amini, Feliciani amekuwa akikitazama kile kibanja kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake. Ulipokuwa hai alijizuia. Sasa alitoka dukani akasimama barabarani akatangaza: Deusi hajalala, analalamika, nimeuona mdomo wake, anamlalamikia mkewe. Akasema mkeo amekufunga kwa dawa za kwao ili usimtoke mikononi. Kwamba watu wake wa Bweranyange walikuja na mambo yao kutoka Burundi na hakuna anayeyajua mambo hayo. Kwamba Adela arudi kwao, mtoto abaki, kibanja kirudi kwenye ukoo. Akaitisha kikao cha ukoo, Jumapili baada ya kanisa.

Kila mtu alikuwa ameshatia maneno yake katika mdomo wako. Mama mmoja alisema unaomba maji. Mwingine akasema unataja jina la aliyekuloga. Wewe huna sauti ya kukataa, basi wakakusemea.

Kisimani wanawake wakaanza kumwacha Adela achote mwisho. Mtu akamwaga majivu mlangoni kwake. Adela aliyafagia. Ungemwona alivyofagia, mume wangu, ungelia.

Sasa nikwambie ukweli wangu, na Adela ataandika hili kwa mkono wake mwenyewe: na mimi nilianza kumtazama vibaya. Alikuwa anafunga mlango mchana. Mtu gani wa huku anafunga mlango mchana? Nilipita siku moja na kuni, nikasikia ndani sauti ya mwanamume. Ndogo, kama ya mtu anayeongea ndani ya chungu. Koku alikuwa anacheza uani peke yake na mawe. Nikamuuliza, mama yuko na nani? Hata hakuinua kichwa. Akasema, "Na Baba. Anaongea."

Nywele zilinisimama, mimi mwenye miaka hii. Sikugonga. Nilirudi kwangu na kuni zangu, nikakaa nazimenya maganda kama mwendawazimu.

Alhamisi nikaamua. Nikasema mimi siyo mtu wa kuletewa mjukuu wangu kwa midomo ya watu. Nikashuka dukani, nikakaa juu ya gunia la maharage mbele ya televisheni ya Salumu, nikamwambia, "Washa." Akasema, "Bibi, una presha." Nikasema, "Presha ni yangu. Washa."

Ulichelewa. Chenga tu, chenga tu, nikaanza kushukuru. Kisha zikapungua, kama vumbi linapotua. Ukatoka kichwa kwanza, mabega yakaja nyuma yako, hayakukaa sawasawa na kichwa, yakajirekebisha. Ukanitazama. Salumu alikuwa kulia kwangu na mteja kushoto, lakini ulikuwa unanitazama mimi. Nikahama nikakaa upande mwingine wa gunia. Ukaendelea kunitazama. Mdomo wako ukasema kitu, ukangoja. Ukasema tena, ukangoja. Yule mwingine aliyefifia naye akangoja. Hapo nilitaka kukimbia, Deusi. Nilisema moyoni, kama ana neno na mimi, mbona halitoki?

Ndipo nyuma yako akapita jogoo.

Jogoo wangu mwenye kishungi kilicholala upande, anayechechemea kama mimi. Alitoka upande wa mlango, akadonoa kitu, akaenda zake. Nikamtazama mpaka akaisha. Sasa sikiliza akili za bibi yako. Mtu kurudi, mimi sibishi, nimezeeka, nimesikia mengi. Lakini jogoo yule tulimchinja siku ya pili ya msiba wako kuwapikia wageni, na shingo niliila mimi kwa meno yangu haya machache. Jogoo arudi kufanya nini? Ana neno gani na ukoo?

Nikajua hii siyo leo. Hii ni siku moja iliyopita, wewe mzima na jogoo mzima, na mahali fulani mtu anaichezesha.

Nikaamka kwenye gunia. Salumu akaniita, sikugeuka. Nilipanda ule mlima na fimbo yangu bila kupumzika pale penye jiwe, na mguu huu. Mlango wa Adela umefungwa. Sikugonga, nilisukuma.

Alikuwa amekaa chini mbele ya televisheni. Na televisheni ameifunika kanga. Kioo chote, kimefunikwa. Na chini ya kanga ile wewe unaongea. Nilikuwa nimetoka kukuona huna sauti, sasa nakusikia huna uso.

Alinitazama, akashika pindo la kanga ile. "Bibi, nisamehe. Kumwona siwezi. Nasikiliza tu. Sauti yake ilikuwa imeanza kunipotea."

Nilikaa chini pale pale karibu naye. Tulilia kidogo, siyo sana, maana Koku aliingia. Kisha nikafanya kile ulichonifundisha: nikapeleka mkono nyuma ya deki, nikahesabu kwa vidole. Tundu la njano, lina waya, unakwenda kwenye televisheni. Jeupe, lina waya. Na la tatu nalo lina waya, na waya huo haukwenda kwenye televisheni. Nikaufuata kwa kiganja. Ukaingia katika kasanduku kako, kamepata moto kama kuku anayeatamia. Ukatoka, ukapanda ukutani, ukapenya penye bati. Adela hakujua. Alibana koleo za betri na kubonyeza kama alivyokuona ukifanya, hakujua kwamba kila akikusikiliza ndani, nje unatembea hewani. Nikatoka uani nikaangalia antena. Uliielekeza barabarani, mume wangu. Dukani kwa Salumu. Mimi niko mkono wa kushoto kidogo tu. Kwa nini sauti haikufika huko sijui, lakini nakumbuka ulinung'unika kwamba kasanduku kana skrubu ya picha na skrubu ya sauti, na ile ya sauti inakukatalia.

Adela alitaka tuuchomoe waya saa ile ile na tunyamaze. Nikasema hapana. Tukichomoa kimya kimya, Feliciani atasema ametishia na uchawi umeacha. Nawe Adela utakuwa umefukuzwa ukiwa umekaa ndani. Tungoje Jumapili.

Jumapili wakaja dukani. Wazee wa ukoo watano na Feliciani na suti yake ya kanisani. Salumu akazungusha kikapu cha kahawa ya kutafuna, hakuna aliyetafuna. Nikasimama. Nikawaambia: "Adela atakaa hapa mbele yenu, Koku mapajani, mikono juu ya meza, mmtazame mpaka mchoke. Mimi napanda nyumbani kwake peke yangu. Deusi atatokea. Ataongea, hamtasikia. Atapita jogoo mliyemla. Nikichomoa waya, ataondoka. Mkiona hivyo, basi mchawi wake ni mimi, na Feliciani aanze kubeba kitanda changu kunihamisha."

Feliciani akasema, "Mama, usifanye utani na marehemu."

"Nimekuzaa kwa uchungu wa siku mbili, nani kakwambia natania?"

Nikapanda. Nikafunga mlango. Nikatoa ile kanga kwenye kioo, nikabana koleo, nikabonyeza, nikakaa.

Hapo ndipo nilipokuona na kukusikia pamoja, mara ya kwanza tangu homa. "Bibi, unaniona? Kama unaniona toka nje unipungie mkono." Ukangoja. Ukatega sikio kabisa, kama naweza kujibu. "Unaniona? Najua umesinzia." Ukacheka kwa puani. Jogoo akapita. "Ukiniambia mashine imekufa, nakuja kukubeba mgongoni mpaka huku, watu waone mume anavyombeba mkewe."

Nilikujibu, Deusi. Nyumba tupu, mchana, bibi kizee anaongea na kioo. Nikasema nakuona. Nikasema mashine haikufa, nimekosea mimi, ilikuwa nzima, ilikuwa inatazama pengine tu. Nikasema mengine ambayo Adela sitampa aandike. Ulikuwa unangoja kila baada ya neno, na safari hii kila ulipongoja mimi nilikuwepo.

Kisha ukainuka kwenye kigoda, nikaona hapo ndipo pa kukata. Nikauvuta waya kutoka tundu la tatu. Naapa kwa mkono wangu, niliuvuta ukatoka wote, niliushika hewani. Nikabonyeza kusimamisha. Nikatoa koleo za betri, zote mbili, moja baada ya nyingine. Kioo kikasinyaa kikawa kitone cheupe, kitone kikafa. Nikaweka kiganja juu yake. Kilikuwa na joto kama paji la mgonjwa.

Nikateremka polepole. Nilijiambia, kazi imekwisha.

Nikawakuta wote nje ya duka. Mzee mmoja alikuwa ameshika nguzo ya baraza. Feliciani amekaa chini, juu ya vumbi, na suti yake. Salumu amesimama mlangoni, uso umekuwa wa rangi ya zile picha za madeki ya Uganda kabla hujayatengeneza.

Nikasema, "Vipi, hakutokea?"

Salumu akasema alitokea. Alitokea, akaongea bila sauti, jogoo akapita, akainuka, akakatika, chenga zikarudi, kila kitu kama ulivyosema, Bibi. Mzee wa ukoo akasimama kusema basi, tumeona. Ndipo chenga zikafunguka tena.

Anasema ulikuwa karibu sana, uso umejaa kioo. Yule aliyefifia wa pembeni hakuwepo, ulikuwa mmoja. Mdomo umefungwa. Hukutazama mbele kama siku zote. Ulitazama chini kidogo, pale Adela alipokaa na mtoto mapajani, na ulitazama kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Kisha ukainua macho polepole ukawapitia wazee mmoja mmoja, ukaishia kwa Feliciani, ukakaa hapo. Na Koku, kwa sauti yake ya kawaida, kama anayemwambia mtu aliyechelewa chakula, akasema: "Baba, Bibi ameshazima."

Ndipo ukaondoka.

Nilimuuliza Adela. Alikuwa amefumba macho tangu mwanzo, hakuona. Nilimuuliza Feliciani, mimi mama yake, akakataa kuniambia, na mpaka leo hajaniambia. Alisema neno moja tu, bado amekaa chini pale: "Abaki, Mama. Abaki tu." Akaondoka, kofia yake ameisahau kwenye benchi. Salumu hakutaka kuishika, niliichukua mimi.

Adela na mimi tumeicheza ile kanda mpaka mwisho, mara mbili, waya wa paa umetolewa. Unainuka kwenye kigoda, unatoka upande wa kulia, kinabaki kigoda kitupu na ukuta, kisha kanda inakatika. Uso ule wa karibu haupo. Mtu mmoja ameniambia huenda kasanduku kalibakiza kitu ndani, kama chungu kinavyobaki na moto baada ya kuipua. Labda. Wewe ndiye uliyekatengeneza. Mimi nasema hivi: kama ni kasanduku, nakashukuru. Kama ni wewe, nakushukuru, lakini usirudie. Salumu sasa anauza sukari ameigeuzia televisheni mgongo, na ni mtu mzuri, usimwue.

Antena tumeishusha. Kanda iko ndani ya kopo la maziwa ya unga, siku Adela akitaka anakusikiliza, na mlango anauacha wazi. Kanga ameivaa.

Na sasa la mwisho, kisha nakuacha. Juzi nilimwita Feliciani na wale wazee, na Salumu awe shahidi wa pembeni. Tukatembea kibanja chako chote kutoka kaburini mpaka kwenye mtaro, na kila pembe tukapanda mlamula, ule mti wa mpaka ambao mtu wa huku haung'oi hata akiwa mlevi. Nilitamka mbele yao kwamba ndani ya miti hii ni kwa Adela, na baada ya Adela ni kwa Koku, msichana, ndiyo, msichana, mwenye neno aseme nikiwa hai. Mashimo alichimba Feliciani mwenyewe. Alichimba kwa kina bila kuambiwa, na kila shimo alilofukia alikanyaga udongo mara mbili.

Wanawake wa kisimani wameanza kumsalimia. Mmoja alileta mtama. Mimi sijawasamehe bado, yeye amewasamehe, moyo wake ni mlaini, ulioa vizuri kuliko nilivyokuwa nikikuambia.

Basi, mume wangu mdogo. Nakuahidi haya. Miti ile nitaimwagilia mimi mpaka ishike, na mguu huu huu. Hakuna atakayemgusa Adela wakati mimi napumua, na nikiacha kupumua miti itakuwa imeshakuwa mirefu. Siku yangu ikifika, atakayenifumba macho ni yeye, na jioni yake atarudi kulala katika nyumba yake mwenyewe, afungue mlango wake kwa mkono wake.

Usimkodolee mtu macho tena. Geuka ukutani ulale. Mke mwenzangu yuko kwake.

Mimi, bibi yako.